Pasi ya mkaa ilivyonirudisha kwa dada yangu

Mpenzi msomaji, kama umewahi kununiana na ndugu yako wa tumbo moja, mpaka mkikutana kwenye daladala mmoja anajifanya anaangalia dirishani, basi kaa chini nikusimulie. Kama hayajakukuta, mshukuru Mungu, ila soma hivyo hivyo. Mambo haya huwa hayapigi hodi.

Mimi na dada yangu tulinuniana miaka miwili na ushee. Sababu? Khanga! Ndiyo, usicheke.

Mama yetu alifariki mwaka 2021. Arobaini ilipokwisha, wazee wakakaa mkekani kugawa vilivyobaki. Havikuwa vingi. Nyumba haikuleta ubishi kwa sababu nyumba yenyewe ilikuwa ya kupanga. Kitanda na kabati akapewa mdogo wetu wa kiume, kitindamimba. Cherehani ya kukanyaga nikapewa mimi. Likabaki sanduku la bati lenye khanga doti 18, zimekunjwa vizuri na kuwekewa asumini zilizokauka. Hapo ndipo ilipoanza kasheshe.

Dada akasema zote ni zake, kwani ndiye aliyemuuguza mama miezi saba, kumlisha, kumgeuza na kumwogesha. Mimi wakati huo nilikuwa Mwanza, nauza duka la watu, na kila mwisho wa mwezi nilituma pesa. Nikamjibu kwamba hata mimi nimezaliwa na mama huyo huyo, na dawa alizokunywa zilinunuliwa kwa pesa yangu. Dada akanitazama, halafu akasema mbele ya watu wote, "Wewe ulileta pesa, mimi nilileta mikono."

Msomaji wangu, neno lile liliniingia kama sindano. Badala ya kunyamaza nikapandisha sauti. Wazee wakachoka, wakaamua kila doti ikatwe katikati, kila mmoja achukue khanga moja. Basi tukaondoka pale kila mtu na khanga 18 zisizo na wenzake. Doti inakwenda mbili mbili kama viatu, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda. Tukawa kama watu waliogawana kandambili, mmoja kachukua ya kushoto na mwingine ya kulia.

Nilirudi Dar nikapanga chumba Magomeni, yeye yuko Mbagala Rangi Tatu. Ni jiji moja, lakini ungedhani tumetenganishwa na bahari.

Novemba 2023 mdogo wetu akatangaza ndoa, harusi ikapangwa Januari 2024. Mama Mdogo, ambaye ukimbishia anakukumbusha ni nani aliyekufungia kitovu, akampigia simu kila mmoja kwa wakati wake. Amri ikawa moja. Tumtengenezee kijana shuka la kufunika kitanda kwa khanga za marehemu mama yake. Mkubwa atoe vipande vya rangi zilizokolea, mdogo atoe vya rangi nyepesi na ashone. "Sitaki kusikia la ziada," akakata simu.

Kitanda cha bwana harusi ni kile kile cha mama, cha futi tano kwa sita. Nikakaa na kalamu. Futi tano ni inchi 60, futi sita ni inchi 72. Nikishona mapande ya mraba ya inchi 12, nitahitaji matano kwa upana na sita kwa urefu, jumla mapande 30. Kila pande lina vipande tisa, vitatu kwa vitatu, rangi iliyokolea na rangi nyepesi zikipishana kama bao la drafti. Mapande 15 yanakuwa na vipande vitano vilivyokolea na vinne vyepesi, na 15 mengine kinyume chake. Jumla vipande 270, vya dada 135 na vyangu 135. Kila kipande kinakatwa inchi nne na nusu, kwa sababu robo inchi kila upande inamezwa na mshono.

Nikampa Mama Mdogo vipimo, akavifikisha. Baada ya wiki kijana wa bodaboda akaniletea mfuko wa plastiki. Ndani vipande 135, vimekatwa vizuri hata kuliko vyangu. Juu yake kikaratasi, "Ni 135. Sina cha kuongeza." Hakuna salamu, hakuna jina.

Mtaani wakaanza kunicheka. Eti bi harusi wa mjini atafunikwa viraka! Jirani yangu mmoja, mama wa maneno, akaniuliza kama hatukuwa na pesa ya kununua duvee Kariakoo. Nikamwambia aende zake. Kwanza khanga yenyewe ilitokana na kuunga vipande. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya leso vya Wareno vikiwa bado havijakatwa kimoja kimoja, wakavikata vitatu vitatu, wakaunga safu mbili na kupata vazi la leso sita. Ndiyo maana mpaka leo Mombasa wanaiita leso. Na huko Marekani, kijiji cha Gee's Bend jimboni Alabama, mama mmoja Mmarekani mweusi aitwaye Missouri Pettway alifiwa na mumewe, na mwaka 1942 akazikata nguo za kazi za marehemu akashona shuka la kujifunikia. Masuka ya wanawake wa kijiji kile, mwaka 2002 yalitundikwa katika majumba ya makumbusho ya Houston na New York, watu wakawa wanapanga foleni kuyaangalia. Viraka hivyo hivyo!

Basi nikaanza. Sasa unakumbuka mwishoni mwa mwaka 2023 tulivyokuwa na mgao wa umeme. Cherehani ya kukanyaga haijui mgao. Pasi ndiyo inayojua. Nilikuwa nashona kutwa nzima bila kupiga pasi, vipande vinajikunja kama majani ya mgomba makavu, halafu umeme ukirudi saa nne usiku nakurupuka na pasi kama mwizi, nasugua mbele na nyuma, huku na huku, nawahi kabla hawajakata tena. Nilijiona hodari. Wiki ya kwanza nikamaliza mapande matano, nikayaunga safu moja, nikachukua futi kamba.

Safu ilitakiwa iwe inchi 60 na nusu. Futi kamba ikasoma 58 na robo tatu!

Nikapima tena. Nikapima kuanzia upande wa pili, kana kwamba kitambaa kinaweza kubadili mawazo. Inchi moja na robo tatu imekwenda wapi? Na si hilo tu. Kona za vipande hazikukutana, moja iko juu moja chini, na mapande mawili yalivimba katikati kama andazi. Nikatamani kulia. Nikamfikiria dada siku ya harusi, akilitazama shuka lile mbele za watu, kimya, kwa jicho lake lile.

Barazani kwa jirani kuna babu mmoja fundi cherehani, ameshona suruali za wanaume wa Magomeni tangu sijazaliwa. Nikambebea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona macho mekundu?"

Nikamkabidhi ile safu. Hakutazama mbele, akaigeuza nyuma moja kwa moja, akapitisha kidole gumba kwenye mshono. "Kushona umeshona," akasema. "Pasi ndiyo hujapiga. Wewe ulikuwa unaendesha gari."

Akanionyesha. Kwenye kila mshono, upande wa mbele, kulikuwa na kijikunjo chembamba. Kitambaa kilikuwa hakijafunguka mpaka mwisho kwenye uzi, mimi nikakipigia pasi kikiwa kimejikunja hivyo hivyo. Kila mkunjo ulikuwa umekula kama nusu ya robo inchi. Ni kidogo sana, hata kwa macho huoni. Lakini safu moja ina mishono 14, ya ndani ya mapande kumi na ya kuunganisha minne. Piga hesabu mwenyewe, inchi moja na robo tatu kamili. Mwizi wangu nikampata.

Na yale maandazi? Hayo ni kusugua. Khanga ni pamba, ukiilowesha na kuivuta kwa pasi ya moto inanyooka, hasa ukiivuta mshazari, na ikishanyooka hairudi sawasawa.

Babu akachukua pasi yake ya mkaa, ile nzito ya chuma yenye jogoo mbele, akaitikisa hewani ili makaa yapate upepo. Akalitandika pande moja, akalinyunyizia maji kidogo kwa vidole. Akaweka pasi juu ya mshono, akabonyeza, akanyanyua, akasogeza, akabonyeza tena. Hakusugua hata mara moja. Alipomaliza akanipa futi kamba. Lile pande lilikuwa inchi 12 na robo, sasa linasoma 12 na nusu, bila kuongeza kitambaa hata uzi mmoja.

Nikaomba anifundishe, na masharti yake nakupa bure, msomaji. La kwanza, kabla hujaufungua mshono, ubonyeze kama ulivyoshonwa, kitambaa kimefungwa, ili uzi uzame. La pili, fungua kitambaa na upige pasi kutokea mbele, ukisukuma kwa ncha ya pasi mpaka mkunjo wote uishe. La tatu, mshono unalazwa upande wa rangi iliyokolea, kwa sababu ukiulaza kwenye rangi nyepesi utaonekana kama kivuli. La nne, usibebe kitambaa kikiwa cha moto. Kiache kipoe pale pale, hata kwa kukikandamiza na kiganja, ndipo kinakumbuka ulivyokilaza.

Nilipoanza kufuata sharti la tatu nikagundua siri nyingine. Safu ya juu ya pande ina rangi iliyokolea pembeni, kwa hiyo mishono inalala kuelekea nje. Safu ya kati ina rangi iliyokolea katikati, kwa hiyo mishono inalala kuelekea ndani. Ukiziweka safu hizo mbili uso kwa uso, mshono mmoja umelala kulia na mwenzake kushoto, vinaingiana kama kitasa na komeo. Unasikia kwa vidole kabisa kwamba vimekamatana, na kona inakutana yenyewe. Ikilala upande mmoja yote miwili, inapandana, inaleta kinundu, na sindano inavunjika.

Kwa hiyo shuka zima lina mishono 269. Ya ndani ya mapande ni 240, ya kuunga mapande 24, na ile mirefu ya kuunga safu mitano. Kila mmoja unapigwa pasi mara mbili. Ndiyo maana watu hununua duvee!

Babu akaniazima pasi. Nikawa nafanya kazi jioni nikitoka dukani, mkaa wa kwangu, maji kwenye kibakuli. Mapande yakatoka sawasawa, 12 na nusu, 12 na nusu, kama yamepigwa chapa. Nikafika pande la 19, nikaanza kujisifu.

Jumamosi moja asubuhi nikaitikisa pasi kwa mbwembwe, nikaiweka juu ya pande. Cheche moja ikatoka kwenye tundu la pembeni ikatua katikati ya kipande cha zambarau. Nikaipuliza badala ya kuifuta. Kufumba na kufumbua, tundu la ukubwa wa punje ya haragwe, pembeni jeusi.

Kipande cha dada. Kimoja kati ya 135. Sina cha kuongeza.

Nilikaa chini msomaji wangu. Nikafikiria kuweka kipande changu pale, lakini rangi zisingepishana. Nikafikiria kwenda Kariakoo kutafuta khanga inayofanana, lakini zambarau ile ilikuwa imefuliwa miaka zaidi ya 20, ingeonekana. Nikafikiria kumtuma Mama Mdogo, na hapo ndipo nilipojionea aibu. Mtu mzima na akili zangu, natafuta mjumbe wa kwenda kwa dada yangu!

Nikakichomoa kipande, nikakikunja kwenye leso ya mkononi, nikapanda daladala mbili mpaka Mbagala.

Nilimkuta gengeni kwake anapanga nyanya mafungu. Aliponiona, mkono ukabaki hewani na nyanya.

"Shikamoo dada."

Akachelewa kuitikia. "Marahaba. Nani amekufa?"

Fikiria. Ndivyo tulivyokuwa tumefika, kwamba mimi kutokea pale ni lazima kuwe na msiba. Nikamwambia hakuna aliyekufa, nikafungua leso nikampa kipande. Akakishika, akaingiza kidole kwenye tundu, akakitazama muda mrefu mpaka mteja akaondoka bila kuhudumiwa.

"Unaijua hii?" akaniuliza.

"Ni ya mama."

"Ni mbeleko yako. Mama alikuwa anakwenda sokoni alfajiri, mgongoni ulikaa kwangu. Nilikuwa na miaka tisa." Kisha akabadilika sauti. "Imeunguaje?"

"Cheche. Pasi ya mkaa."

"Hukukung'uta majivu?"

"Nilisahau."

"Uliitikisia juu ya nguo?"

Nikanyamaza. Dada akashika kiuno. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya khanga, ya urithi, ya miezi saba. Yeye akanigombeza kuhusu pasi! Eti mama alitufundisha wote wawili, pasi inatikiswa nje mlangoni, inakung'utwa, inapitishwa kwanza kwenye kitambaa kibovu, ndipo iguse nguo ya maana. Eti mimi nilikuwa nakimbilia kucheza rede, sare zangu anapiga pasi yeye, ona sasa. Akagombeza mpaka akaanza kucheka, na mimi nikacheka, na machozi yakaja hapo hapo nikayafuta kwa leso ile ile yenye masizi.

Akaingia ndani, akatoka na khanga na mkasi. Akapima kwa rula ya mtoto wake wa shule, akakata inchi nne na nusu. Akasita. Akakata kingine. "Hiki cha akiba," akasema, "maana nakujua."

Nilipoaga, akasema Jumapili atakuja, kwa sababu kazi ile ikiachwa mikononi mwangu mdogo wetu atalala juu ya majivu.

Akaja kweli, na Jumapili iliyofuata tena. Mimi nakanyaga cherehani, yeye yuko kwenye pasi. Kitandani tumetandaza mapande, la kwake na la kwangu, la kwake na la kwangu. Kazi ilikwenda haraka mara mbili, na sikumsikia akisugua hata mara moja. Kumbe sharti za babu alikuwa anazijua zote, amezipata kwa mama, isipokuwa hazitaji. Anazifanya tu.

Jumapili ya pili, tumebakiza mishono miwili ile mirefu, nikajikuta nimesimamisha cherehani. Nikasema bila kumwangalia, "Dada, nilitakiwa nije. Wakati ule. Kazi ningeiacha."

Kimya. Mkaa ukatatarika ndani ya pasi. Yeye alikuwa ndiyo kwanza amenyanyua pasi kutoka kwenye mshono.

"Weka kiganja hapo," akasema. "Kandamiza, unapoa."

Nikakandamiza. Naye akaweka kiganja chake pembeni ya changu. Tukakaa hivyo mpaka kitambaa kikapoa kabisa, kisha akasema tuendelee, giza linaingia.

Mpaka leo hatujaombana radhi kwa maneno zaidi ya hayo, na wala sidhani kama tutaombana. Lile neno la pesa na mikono halijafutika, nalijua na yeye analijua. Lakini nikipika pilau nampelekea, na yeye akiumwa mguu ananipigia simu mimi kwanza.

Shuka lilimalizika siku tisa kabla ya harusi, inchi 60 na nusu kwa 72 na nusu, nusu inachi zile zikaingia kwenye mishono ya pembeni. Tukazungushia pindo za zile khanga, nyuma tukaweka bitana ya marekani. Sponji hatukuweka, Dar na joto lake unalijua. Siku ya harusi mshereheshaji akalinyanyua juu, akatangaza ni zawadi kutoka kwa "mama mzaa chema". Mama Mdogo akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Yule jirani yangu wa maneno alikuwepo, na wiki iliyofuata akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumshonea na yeye.

Watu wanasifia mbele, rangi zinavyopishana na kona zinavyokutana. Mimi nafurahia nyuma, ambako hakuna atakayeona tena, mishono yangu imelalia kwenye vipande vya dada. Ndivyo inavyotakiwa kulazwa, nyepesi ilalie iliyokolea.

Kile kipande chenye tundu ninacho, nimekibana kwenye kioo changu. Na wewe msomaji, kama kuna mtu unamtafutia mjumbe, acha. Panda daladala mwenyewe. Na pasi ya mkaa ukiitikisa, tafadhali, itikisie nje!